Maharage ya Mechi ya Walikale

Ninyi wadogo zangu mnaokaa sasa mbele ya kompyuta pale Goma, mkichora mishale ya rangi juu ya picha za mechi, mmeniomba niandike namna tulivyofanya kazi hii kule milimani Masisi. Haya, naandika. Mimi nimestaafu, macho yangu yaliomba ruhusa kabla yangu. Mishahara sitaiongelea, ingekuwa hadithi fupi kuliko zote. Vyeo pia sitaviongelea: niliingia nikiitwa Mama Zawadi na nimetoka nikiitwa Mama Zawadi. Nitawaambia habari za ubao, za maharage, na za muntu mmoja aliyecheza namba sita.

Niliingia kwa mlango wa hesabu. Mchana niliuza maharage sokoni, jioni nilisoma shule ya watu wakubwa, katika darasa la watoto wadogo ambalo madawati yake yalikuwa mafupi hata magoti yakatugusa masikio. Mwalimu Bauma njo alitufundisha jometria. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti moja ambalo nadhani alizaliwa nalo, na pia alikuwa mwalimu wa timu ya mpira ya senta yetu, ule mji mdogo wa soko. Jioni moja akatawanya vipande vya chaki mezani, akatuacha tuangalie kidogo, akavifunika na lile koti, akauliza ni nani anaweza kuchora kila kipande kilipolala. Wenzangu wakacheka. Mimi, ambaye muteja akiiba punje moja nyuma ya mgongo wangu naisikia ikilia, nikachora. Mwalimu akainua koti, akaangalia mezani, akaangalia mchoro wangu, akasema kesho nifike kiwanjani. Nikaenda na sabuni, nikidhani ananiita kufua jezi.

Ninyi mnajua kiwanja kama kitu kilicholala. Chetu kilisimama. Upande mmoja ulipanda mlima, mrefu hata shingo inauma ukitafuta kilele chake. Upande mwingine ulishuka mpaka mtoni. Mpira ukitoka upande wa mto, wachezaji walikaa chini, wakaongea habari za ndoa na za bei ya ng'ombe, wengine naamini walizeeka, mpaka mpira urudi. Na pasi, kama unataka imufikie mwenzako, haumupigii yeye. Unaipiga upande wa mlima, halafu kilima chenyewe kinaishusha polepole mpaka mguuni kwake. Mutoto wetu alijua jambo hilo kabla hajajua jina la babu yake. Viwanja vingine vya Masisi vilikuwa vilevile. Kwetu, kitu kilicholala sawasawa ni meza ya padri tu.

Siku ile ya kwanza Mwalimu alinipa karatasi na kalamu, niandike kila pasi: imetoka kwa nani, imeangukia wapi. Mvua ya Masisi haiombi hodi. Kabla ya mapumziko, wino wote ulikuwa umenitiririkia kwenye kikwembe nilichojifunga, na hata leo kikwembe kile kinajua ile mechi kuliko mimi. Nikafikiri nitafukuzwa. Mwalimu akasimama mbele yangu, maji yakidondoka puani.

"Mama, wewe sokoni unauzisha nini?"

"Maharage, Mwalimu."

"Na maharage inaogopaka mvua?"

Njo namna chombo chetu kilivyozaliwa. Fundi akatupatia ubao mpana, Mwalimu akachoma mistari ya kiwanja kwa chuma cha moto, halafu akautoboa vishimo vidogo kila mahali, kama ubao wa mchezo wa kisoro. Niliuweka magotini. Punje nyekundu: pasi imefika. Nyeupe: imepotea. Nyeusi: shuti golini. Ya manjano: tumenyang'anya mpira. Pembeni ya kila punje nilikwaruza namba ya mchezaji kwa msumari, na msimu ukiisha fundi alipiga randa ubao ukabaki safi, mpaka miaka ilipopita ukawa mwembamba kama hostia ya misa. Chombo kilikuwa na adui mmoja tu. Siku moja nilikwenda kusalimia muntu, kurudi, kuku amekula kipindi cha pili chote pamoja na magoli. Mwalimu akasema kuku huyo sasa njo mwenye kujua mpira kuliko sisi, na jioni tukamula ili tupate ile elimu.

Mechi ikiisha, wachezaji walizunguka ubao, hata wale wasiosoma, na Mwalimu akaeleza maharage yamesema nini. Halafu ilifuata desturi ambayo sijaisikia mahali pengine. Punje zote, nzuri na mbaya, zilimwagwa katika sufuria nyumbani kwangu. Tuliongeza mengine kutoka gunia, maana hata mechi mbaya kabisa haishibishi timu. Tukala wote pamoja, na bukari, ugali wetu wa mhogo. Kuanzia kijiko cha kwanza, mechi ile imekufa. Hakuna tena kulaumu, hakuna kuomba radhi, hakuna kujisifu. Kosa likishaliwa haliongelewi. Nimeona wanaume waliotaka kupigana saa ya kumi wakigawana sombe ya majani ya mhogo kabla jua halijazama. Ninyi mna programu inayoonyesha makosa kwa rangi kumi. Natamani siku moja wawatengenezee ile inayoyapika.

Mlinzi mkali wa desturi hiyo alikuwa Papa Bahati, mkubwa wa mashabiki. Alikuwa amecheza winga zamani, na sauti yake ilisikika mpaka mjini Sake bila kutumia redio. Muntu akisahau akaanza, "Lakini siku ile pale golini…", Papa Bahati alimwinulia kijiko tu, na ule muntu akanyamaza.

Sasa Kubuya. Alitoka Walikale, muntu wa msitu, alikuja kwetu juu ya kamyo, lori la mafuta ya mawese, na kamyo ikarudi bila yeye. Alikodi kanyumba ka nyuma ya nyumba yangu. Namba sita. Mpira ukimufikia ulitulia kama mutoto aliyepewa kwa mama yake. Hakuwa muntu wa maneno, lakini mechi ikiisha, hata kabla ya kunawa miguu, alikuja kuchuchumaa mbele ya ubao.

"Mama, wacha nione makosa yangu mbele Papa Bahati hajanielezea," alikuwa anasema. "Yeye anaongezaka chumvi."

Na yeye njo alinifundisha kusikiliza. Aliniambia nifumbe macho dakika kidogo: pasi nzuri ina sauti moja, mbaya ina sauti mbili. Nilicheka, nikajaribu, nikaona ni kweli. Katika shule zote nilizopita, ile ya jioni pamoja na diploma yake ambayo nimeitundika ukutani mpaka ukuta umechoka, sijapata somo fupi lenye faida kama lile.

Miaka ikapita, telefone zenye kamera zikafika. Mwalimu alifunga yake juu ya mwanzi mrefu ili tupate picha ya kiwanja kizima. Ng'ombe akaja kujikuna pale kwenye mwanzi, na mechi yetu ya kwanza ya video ikawa mawingu matupu, mawingu mazuri lakini, sijaona mengine kama yale. Baadaye Mwalimu alikwenda kwenye mafunzo Goma, akarudi na tableti. Ukibonyeza namba ya mchezaji kila akigusa mpira, na tena kila akiupoteza, mwishoni inakupangia watu kuanzia muzuri mpaka mubaya. Niliipenda, sitadanganya. Nilikuwa nabonyeza kwa kidole kimoja na kupanga maharage kwa mkono mwingine, na mate yananitoka kwa furaha.

Njo katika hali hiyo tulialikwa kucheza Walikale, mara ya kwanza tangu timu ianzishwe. Barabara ile, wadogo zangu: kamyo ilikuwa inaogelea. Katika mashimo mengine nadhani tulipita chini ya samaki. Tulipofika, tukakuta kiwanja kilicholala kabisa, tambarare kama bamba la kukaangia mandazi. Upande mmoja barabara na nyumba fupi. Upande wa pili msitu, miti imesimama kama ukuta mpaka mbinguni. Wenyeji walisimama upande wa msitu kwa sababu ya kivuli, na kati yao alikuwepo mjomba wake Kubuya, aliyekuja na mkungu wa ndizi kumusalimia mwana wa dada yake. Wote tuliona wakikumbatiana kabla ya mechi.

Tulipigwa. Sitasema magoli mangapi, huruma. Pasi zetu zilikwenda nje, zote upande wa msitu, miguuni mwa wenyeji, na wao walicheka wakaturudishia mpira kwa adabu kubwa. Na Kubuya, ambaye kila mpira unapita kwake, njo alizitoa nyingi kuliko wote.

Filimbi ya mwisho ilikuwa haijapoa, Papa Bahati akanyakua tableti mikononi mwangu. Ilikuwa imepanga watu. Chini kabisa: namba sita.

"Munaona? Hata mashine imesema," aliwaambia mashabiki. "Amekuwa anapelekea bajomba yake mpira. Kila pasi, upande wa bajomba. Damu ya muntu haitokaka."

Nilijaribu kusema tungoje, Mwalimu hajaeleza ubao. Nani alinisikia? Watu walikuwa na njaa, na aibu, na mbele yao barabara ile ya samaki. Papa Bahati akataka tupike maharage palepale, tule, tumalize. Kubuya abaki kwao na habari iishie hapo. Mwalimu akakataa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hakuna muntu atakula mechi ambayo haijaeleweka. Wakakubali sufuria ingoje, lakini wakapanda kamyo, wakaziba nafasi zote na miguu yao, na hakuna aliyejisogeza.

Kubuya alisimama chini na kifuko chake cha viatu. Aliniangalia mimi, akaangalia Papa Bahati.

"Kama njo vile munanionaka, mwende."

Akageuka, akamufuata mjomba wake. Miaka mingi amelala nyuma ya nyumba yangu, na sikushuka kwenye ile kamyo kwa sababu dereva alikuwa ameshawasha. Mpaka leo, mashine ya kamyo ikiwaka, nasimama kama wa kushuka.

Ili ubao ufike nyumbani na punje zake, nilizibandika na bukari, kila punje na tope lake la mhogo. Njia nzima wanaume waliukodolea macho. Ulikuwa chakula kamili, ulikosa sombe tu. Tulipofika, Mwalimu aliuweka mezani, akaniambia nisome punje nyeupe zote, siyo za namba sita peke yake. Nikasoma: saba, upande wa msitu. Mbili, upande wa msitu. Kumi, upande wa msitu. Nne, upande wa msitu. Kipindi cha kwanza tunashambulia kuelekea huku, cha pili kuelekea kule, haijalishi: msitu, msitu, msitu. Hata namba tisa, aliyezaliwa palepale kwetu na ambaye hana mjomba hata mmoja Walikale, yake yote yalilala kule. Mwalimu akafungua katika tableti video ambayo telefone ya mwanzi ilichukua, akaiangalia, akairudisha nyuma, akaiangalia tena. Tukaona jambo ambalo macho yetu yalikuwa hayajaliona: mchezaji wetu anamuangalia mwenzake sawasawa usoni, halafu mguu unapiga mahali pengine, juu kidogo, upande wa ile miti mirefu.

"Mama Zawadi," akasema, "bameona msitu, miguu ikafikiri ni mlima."

Lakini kule hakuna kitu kilichoshusha ule mpira. Tulikwenda Walikale na kilima chetu ndani ya miguu.

Kumwambia Papa Bahati hivyo kwa mdomo ingekuwa kazi ya bure, yule hakushindwa na mdomo wa muntu. Mwalimu akamwita kwenye uwanja wa sementi wa parokia, tambarare pekee tuliyokuwa nayo ukiacha meza ya padri, wenye ukuta mrefu wa kanisa upande mmoja na upande mwingine bonde wazi. Akaweka kiti mbali, akampa mpira, akamwomba atoe pasi mpaka kwenye kiti. Papa Bahati akacheka, kazi gani ya watoto hiyo. Akavua kiatu. Akapiga. Mpira ukagonga ukuta. Akasema tumbo lake limekuwa kubwa siku hizi. Akapiga tena: ukuta. Mwalimu akamgeuza aangalie upande wa pili, ukuta sasa uko mkono mwingine. Akapiga: ukuta. Katekista akatoka kulalamika kwamba tunabomoa nyumba ya Mungu, akaona uso wa Papa Bahati, akarudi ndani polepole.

Alipiga mpaka jasho likalowesha shati. Mwisho akakaa juu ya kile kiti. Sauti ile ya kufika Sake ilikuwa imekwisha kabisa.

"Nani anajua barabara ya kufika kwake?" akauliza.

Habari zilisema Kubuya anachimba mawe kwenye machimbo ya Omate, hukohuko Walikale, pamoja na wajomba. Tulikwenda sisi watatu: Mwalimu na koti lake, Papa Bahati, na mimi na kifuko cha maharage ya mechi ile, nyekundu, nyeupe na yote, niliyoyabandua kwenye ubao nikayaosha. Papa Bahati hakufungua kinywa njia nzima, ajabu ambayo ingepaswa kuandikwa katika vitabu vya parokia. Najua alikuwa anatengeneza maneno. Mara moja moja midomo yake ilitikisika, kama mwanafunzi anayerudia somo kabla ya mtihani. Alitaka kuomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa alimtukana mbele ya watu, na ilipaswa afanye hivyo kabla ya kula. Baada ya kijiko cha kwanza, desturi ingemfunga kinywa.

Tulimkuta Kubuya amejaa udongo mwekundu mpaka nyusi. Alikuwa amekonda. Alinisalimia mimi kwanza, akaniuliza kama lile bati la kanyumba kake linavuja bado. Mwalimu akamweleza ubao, mlima, msitu, kiti, ukuta. Kubuya alisikiliza ameinama, na Mwalimu alipofikia habari ya katekista akacheka kidogo kwa pua. Wajomba wakatupatia sufuria na moto, nikapika. Maharage hayaharakishwi, tulikaa pale muda mrefu tukiongea mvua, mawe, watu waliozaa na waliokufa. Papa Bahati alingoja chakula kishuke, wachimbaji wakusanyike.

Nikamwaga maharage kwenye sahani kubwa. Watu wakakaa. Papa Bahati akasimama, akasafisha koo, akafungua kinywa.

Kubuya akachukua kijiko, akala.

Hakukuwa na haraka wala hasira. Alitafuna taratibu akimuangalia Papa Bahati usoni, akameza, akasema, "Papa, ukae, ukule. Itapoa."

Na Papa Bahati, aliyetukaripia miaka yote kwa kuinua kijiko, akakaa. Angefanya nini? Alikula na machozi yanaingia katika sahani. Mpaka leo sijajua kama Kubuya alimuhurumia, asijidhalilishe mbele ya watu, ao alimunyima kile kitu alichokifuata mbali hivyo. Nimezifikiria sababu zote mbili mara nyingi kuliko viroboto vya mbwa. Siku nikiwa na roho nyepesi naona ni huruma.

Alitusindikiza mpaka barabarani. Kumwomba arudi haikuwezekana, maana sababu ya kuondoka kwake tulikuwa tumeshaila. Nilimwambia tu kanyumba kake hakuna muntu aliyekaingia. Akanishukuru. Halafu akamuuliza Mwalimu nani anacheza nafasi yake sasa. Mwalimu akamtaja.

"Ni muzuri yule," Kubuya akasema. "Mukirudia kucheza huku, mumuambie apigie kidogo upande wa barabara."

Kamyo ikaja, tukapanda.

Tulicheza mechi nyingi baada ya hapo, mpaka vita vilipotutawanya, timu yote na mashabiki wake, kila muntu na njia yake. Mimi niko Shasha sasa, kwa dada yangu, karibu na ziwa, ambako vijana wavuvi wanacheza mchangani na hakuna anayeniomba nihesabu. Mwalimu Bauma amelala kwenye makaburi ya parokia, na lile koti alizikwa nalo. Mmeniuliza katika barua yenu chombo gani nilikipenda zaidi, ubao ao tableti, na naona mnangoja niseme ubao. Vyote viwili vilifanya kazi yake. Natamani yale magoti yenye kubeba ubao, na mvua, na namba sita akichuchumaa mbele yangu na matope miguuni. Katika mechi zile zote za mwisho, kila tulipopata mpira, vidole vyangu vilishika punje nyekundu na kuileta katikati ya ubao, kishimo cha Kubuya kilipo, kabla sijaona mpira uko kwa muntu mwingine. Nikairudisha.